Mzee Mutembei Anatafuta Santuri Zake

Mikinduri,
19 Januari 2025

Kwa dadangu Kaari,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tuko wazima, isipokuwa mke wangu Ann ambaye jino linamsumbua tangu mwaka mpya, na anaogopa daktari wa meno kuliko Shetani. Mahindi tulipata kiasi, miraa inachumika, na ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Shemeji Muchangi namsalimia sana. Beverlyne naye mwambie mjomba wake anauliza kama huko chuoni wanafundishwa kusalimia watu.

Usishangae kwamba siku hizi za simu nimeshika kalamu. Barua nampa Munyi, yule anayepeleka miraa Embu. Simu haifai kwa jambo hili kwa sababu Baba hushinda amekaa kando yangu, na masikio yake bado ni ya paka.

Jambo lenyewe ni yeye. Juma lililopita tulikuwa hospitali huko Meru. Daktari akamwuliza tuko mwezi gani. Baba akamjibu, "Wewe daktari mzima hujui?" Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana kila swali alilijibu hivyohivyo. Tulipotoka, daktari alinivuta kando akaniambia ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, utaendelea tu, na utaanza na majina. Kumbe ulikuwa umeanza kitambo. Jina la ng'ombe limeenda. Jirani yetu Mithika, mtu waliyetahiriwa pamoja, sasa ni "yule mtu". Juzi aliniita kwa jina la marehemu baba mdogo, nikaitika tu, ningefanya nini?

Kitu kimoja hakijaguswa, nacho ni santuri zake. Ishmael, rafiki yake wa santuri, alikuja kutoka Kinoru kumwona. Unakumbuka zile Jumapili za kwake, baada ya kanisa, Baba na wenzake kila mtu na santuri zake kwenye kikapu, wanasikiliza bila kupumua? Na ile sheria yao, kwamba atakayeita santuri "sahani" au "vinyl" anachemsha chai ya wote na kuosha vikombe? Basi Ishmael akamchokoza: "Mutembei, nasikia vijana wa Nairobi wamerudia vinyl." Baba akainuka kitini mzimamzima. "Vinyl ni plastiki! Plastiki ni ya jerikeni! Hizi ni santuri. Haya, chai!" Ishmael aliingia jikoni kwa Ann, akachemsha chai, akaosha vikombe vyote huku machozi yanamtoka.

Kwa hivyo njoo, Kaari. Wewe ndiye uliyekuwa ukimtolea santuri kwenye majalada. Mimi nilikatazwa kwa sababu ya mikono yangu hii. Jina lako bado analo, analitaja karibu kila asubuhi anapokunywa uji. Njoo kabla halijaenda na lenyewe.

Ndugu yako,
Bundi

*

Manyatta,
16 Februari 2025

Bundi ndugu yangu,

Nimefurahi kusikia ndama ni jike. Ann mwambie ang'oe hilo jino, mambo ya karafuu aache. Hapa Muchangi amelala na mgongo tangu alipobeba magunia ya mbolea peke yake kana kwamba ana miaka ishirini. Mimi nina darasa la watoto sitini na chaki ya kuomba. Beverlyne anakusalimia kwa heshima zote na anasema huko chuoni somo la salamu liko mwaka wa tatu. Barua yako ilinifikia ikinuka miraa, imechelewa sana. Munyi anasema aliisahau kwenye koti.

Sasa, kuhusu Baba. Bundi, wewe tangu utotoni ukiona wingu unasema mafuriko. Baba ana miaka themanini na moja. Mzee wa umri huo akisahau jina la ng'ombe, huo ni ugonjwa? Mimi mwenyewe jana nilimwita mwalimu mkuu kwa jina la aliyemtangulia. Daktari alimwona kwa dakika ngapi?

Hata hivyo sikukaa bure. Nimesoma kwamba wazee wa namna hii husaidiwa na maandishi. Kwa hivyo tumemtengenezea stika, Beverlyne amezichapa kwa herufi kubwa ambazo Baba atasoma bila miwani. MLANGO, KIKOMBE, CHOO, DAWA, kila kitu cha nyumba ile. Bandikeni kila moja mahali pake na msianze ubishi. Baba alipenda kusoma maisha yake yote, atazisoma hata hizi.

Kuja, nitaangalia. Muhula huu umenibana kweli.

Msalimie. Usitaje jina langu, mwambie tu watu wa Embu wanamsalimia.

Dadako,
Kaari

*

Mikinduri,
9 Machi 2025

Kwa Kaari,

Salamu kwenu wote, na pole kwa Muchangi. Jino la Ann liling'oka lenyewe akila mahindi ya muthokoi, sasa anajisifu mpaka kwa wageni. Mvua bado, mashamba tumeshalima, tunatazama juu.

Stika zako zilifika na Ann akazibandika zote siku hiyohiyo. Nakwambia ukweli, mwanzoni nilikuombea baraka. Baba alizunguka nyumba akizisoma kwa sauti kama mtoto wa katekisimu. "Kikombe." Anakishika. "Mlango." Anaufungua. Aliingia chooni peke yake bila kuuliza. Nikasema moyoni, kweli mwalimu ni mwalimu.

Lakini stika ya kabati la santuri iliandikwa VINYL. Beverlyne simlaumu, watoto wa siku hizi ndivyo wanavyoziita. Ann naye Kiingereza si chake, aliona tu picha ya duara pembeni akajua ni ya pale. Na mimi nilikuwa shambani.

Jumapili baada ya ibada Baba alienda kabatini kama kawaida yake. Akasoma. Akasimama. Akafungua, akaangalia ndani, akafunga polepole. Akaniuliza, "Santuri zangu ziko wapi?" Nikamwambia ni hizo hapo. "Hizi ni vinyl," akasema. "Imeandikwa."

Nilibandua ile stika mbele yake nikaitia motoni. Akasema, "Sasa mmechoma ushahidi." Nikamtolea ile ya jalada jekundu aliyonunua mwaka uliozaliwa wewe, nikaiweka kwenye gramafoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa. "Wimbo ni wangu. Kitu chenyewe si changu."

Tangu siku hiyo anatafuta. Chini ya vitanda, zizini, kwenye pipa la mahindi, mpaka kwa Mithika, ambaye alimfungulia nyumba yote apekue kwa heshima ya urafiki. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani wakati wa matangazo, akawaomba kwa upole waliozichukua santuri zake wazirudishe, hatawauliza neno. Watu waliinamisha vichwa. Nilimwita Ishmael kutoka Kinoru, nikisema huyu atamwamini. Ishmael akashika santuri moja moja akimweleza ilikotoka. Baba alimsikiliza, kisha akamwambia, "Ishmael, na wewe wamekununua." Yule mzee alirudi kwao bila kunywa chai.

Hazishiki tena. Analala akiwa amechoka kutafuta na vitu vyenyewe viko hatua chache kutoka kitandani pake. Mimi sijui nifanye nini. Nimejaribu kila kitu ninachokijua na sijui vingi.

Ametaja pia jina la aliyeziiba. Hilo sitaliandika.

Shule zitafungwa Aprili. Nakuomba.

Bundi

*

Manyatta,
27 Aprili 2025

Bundi,

Hamjambo huko. Sisi tunasukuma. Mgongo wa Muchangi umepata nafuu, anatembea kama mzee wa kanisa. Mvua huku imekuwa kubwa na kahawa imechanua vizuri.

Nimekaa na barua yako muda mrefu nikitafuta la kukujibu. Beverlyne alipoisoma alilia, nikamwambia mambo kama hayo hutokea. Tumechapa stika nyingine, ninaituma na barua hii. SANTURI, herufi kubwa kuliko zote. Ibandike yeye akiwa anakuona. Umwambie zimerudishwa.

Likizo imekwisha na sikuja. Barabara ilikuwa mbaya kwa mvua, tena kulikuwa na vikao vya walimu.

Unaweza kuniandikia jina la mwizi. Kwa vile umekataa, nimeshajua ni la nani.

Kaari

*

Mikinduri,
8 Juni 2025

Dada,

Tumesalimika. Leo salamu sitazipamba.

Barabara haikukatika. Munyi alipita kila wiki na mzigo wake na alirudi na viatu vikavu. Usinifanye mjinga, Kaari, mimi si mwanafunzi wako.

Ndiyo, alisema ni wewe. "Kaari alizibeba akaenda nazo Embu." Alilisema bila hasira yoyote, vile mtu anavyosema fulani amechukua jembe atarudisha. Ningekuandikia tangu mwanzo lakini nilihofia utapata sababu ya kutokuja. Na kumbe hukuja hata bila kuandikiwa.

Stika mpya niliibandika akinitazama. Nikamwambia kwa furaha kubwa, "Baba, zimerudi!" Akaisoma: "Santuri." Kisha akaniuliza, "Ni nani huyo?"

Sasa hatafuti tena. Wiki tatu sasa. Amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ametulia, anakula akipewa. Ann anasema Mungu ametusikia, nyumba imepumua. Watu wa kanisa wamekuja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Mimi peke yangu ndiye sina raha, na nikisema hivyo naonekana nina roho mbaya.

Jana nilimwuliza, "Baba, nikuwekee vinyl?" Nilisema makusudi. Akasema, "Weka." Nikasema, "Au nikuwekee sahani?" Akasema, "Weka." Nikarudia vinyl, vinyl, vinyl, kwa sauti, nimesimama mbele yake. Alinitazama akatabasamu kama anavyotabasamia wageni wa kanisa. Kaari, nilitoka nje nikajificha katikati ya miraa nikalia. Mtu mzima na ndevu zangu, nazunguka nyumba nikimchokoza baba yangu ili anikaripie mara moja tu, na hataki.

Na jina lako hajalitaja tangu katikati ya Mei. Asubuhi uji anakunywa kimya.

Sikuelewi. Wewe ndiye kipenzi chake, haikuwa siri kwetu. Niambie ukweli unaokuzuia, na ukiwa huna, usiniandikie habari za kahawa.

Bundi

*

Manyatta,
29 Juni 2025

Ndugu yangu Bundi,

Sina habari za kahawa.

Unakumbuka Krismasi tulipokuja? Ulikuwa umeenda na Muchangi kuchinja mbuzi. Wanawake walikuwa jikoni na mimi nilikuwa nimempelekea Baba chai pale dirishani. Alikipokea kikombe, akanishukuru vizuri, akaniuliza kwa Kimeru, "Mama, wewe ni bibi ya nani hapa?"

Nilicheka nikidhani ni mzaha, si unamjua. Akasubiri jibu, Bundi. Alikuwa ananiuliza kweli. Nikamwambia mimi ni Kaari. Akasema, "Ala! Kaari!" kisha akaanza kuniuliza habari za shule kama kawaida, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikarudi jikoni nikakata kabichi yote iliyokuwepo. Mkaniuliza mbona macho mekundu, nikasema kitunguu.

Kwa hivyo uliponiandikia Januari kwamba jina langu analitaja kila asubuhi, nilifurahi nikasema hapo ndipo nitakapobaki. Akiwa mbali nami, mimi ni Kaari. Nikija nikasimama mbele yake, labda ni bibi ya mtu. Sikutaka kupima. Nilikuandikia eti wewe unaona mafuriko penye wingu, na mimi ndiye niliyekuwa nimelowa.

Naogopa, Bundi. Sina neno lingine, ni uoga tu. Niko na miaka hamsini na nne, nawatisha watoto sitini kwa kuwatazama, na namwogopa mzee aliyeketi dirishani.

Shule zikifungwa Agosti nitakuja. Usimwambie.

Kaari

*

Mikinduri,
13 Julai 2025

Kaari,

Pole. Pole sana, dadangu. Ningejua nisingekusema vile.

Mimi Baba huniita "kijana". Ann naye humwita "mama chakula". Tumezoea. Sitakudanganya kwamba haiumi, lakini mtu anazoea, na wewe utazoea.

Kifua kilimshika wiki hii lakini kimeachilia. Usivute siku mpaka Agosti iishe. Njoo siku ya kwanza.

Nimepangusa santuri zote vumbi, kwa kitambaa, vile ulivyokuwa ukifanya. Mikono yangu haikuvunja hata moja.

Bundi

*

Manyatta,
10 Agosti 2025

Bundi ndugu yangu,

Nilifika salama, na ndizi mlizonipakia zilifika zimeiva njiani zote, tumekula na majirani. Muchangi anashukuru kwa asali. Beverlyne amesema atakuja nami safari ijayo, nimemwambia ajitayarishe.

Mliporudi kutoka sokoni Jumamosi ile mkanikuta nacheka na Baba, Ann akasema, "Si unaona, amekutambua!" Tukala, tukaomba, nikaaga kesho yake, na sikuweza kukwambia kwa mdomo. Nakwambia sasa.

Mlipoondoka nilivuta kigoda nikakaa karibu naye. Alikuwa amevaa ile sweta ya kijani. Nilimsalimia kwa Kimeru. Akaniangalia, akajikusanya vizuri kwenye kiti, akanijibu kwa Kiswahili. "Karibu mama. Umetoka mbali?" Kiswahili safi cha ofisini. Bundi, Baba hajawahi kunisemesha Kiswahili tangu nizaliwe. Kiswahili kilikuwa cha wageni na cha watu wa serikali. Hapo nikajua nimeshapita hata kuwa bibi ya mtu wa pale. Nilikuwa mtu wa kutoka nje kabisa.

Nilienda kabatini nipate pa kuficha uso. Nikatoa ile ya jalada jekundu nikiishika kingo zake kama alivyonifundisha. Sijui ni nini kilichonituma, labda ni ile barua yako. Nikamwuliza, "Mzee, nikuwekee vinyl?"

Nikaanza kuiweka. Kisha nikasikia kiti kikilia nyuma yangu, na nilipogeuka alikuwa ameinua kidole. Akaniambia taratibu, kwa adabu, vile unavyomwonya mgeni asiyejua desturi za nyumba: "Mama, hapa usiseme hivyo. Ni santuri. Msichana wangu akikusikia utachemsha chai."

Nikamwuliza, "Msichana wako ni nani?"

"Kaari," akasema. "Ni mwalimu huko Embu. Huwa haji."

Nilipiga magoti pale sakafuni nikamshika magoti yake. Nikamwambia kwa Kimeru, kwa Kiswahili, kwa kila namna ninayoijua, kwamba mimi ndiye, nimekuja, ni mimi Kaari. Alinihurumia, Bundi. Aliniwekea mkono kichwani akasema, "Hapana, mama. Kaari ni mdogo." Na kwa kuwa nilikuwa nalia, akaniuliza kama kuna mtu amenifia.

Nikajipangusa. Nikamwambia mimi natoka Embu, huyo mwalimu namfahamu, tunakaa karibu. Uso wake ulifunguka wote! Akataka kujua kama yuko mzima, kama watoto wa shule wanamheshimu, kama bado anacheka kwa nguvu. Nikamjibu yote. Nikamwambia anacheka kwa nguvu mno mpaka majirani wanalalamika, naye akacheka, nami nikacheka. Hapo ndipo mlipoingia.

Nilipoaga, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru, akaniomba nikirudi nimletee habari zake tena. Nitakuja Jumamosi. Ukinisikia sebuleni nikimweleza Baba kwamba Kaari anamsalimia, pita tu, usinisahihishe.

Dadako,
Kaari